Mfungwa anapoachiwa, dawa zake zisibaki gerezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo lililopita, aliuliza kwa nini fedha za umma zitumike kuwatibu uraibu na maradhi ya akili watu waliokwisha kutiwa hatiani na mahakama, ilhali wapo raia wasio na doa wanaosubiri huduma hizo hizo. Swali lake halikuwa la chuki. Alilieleza kwa adabu, na nadhani wengi walioisoma barua yake waliafikiana naye kimoyomoyo, ndiyo maana sikupenda lipite bila kujibiwa na mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilianzia katika wodi ya wagonjwa wa akili, nikamalizia miaka yangu ya kazi katika kliniki ya tiba ya uraibu, na sehemu kubwa ya watu niliowahudumia huko walikuwa wamepitia gerezani, wengine mara moja, wengine mara nyingi kiasi kwamba walikuwa wameacha kuhesabu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Asubuhi moja alifika dirishani kwangu kijana aliyeachiwa siku tatu kabla. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake alinionyesha hati ya kuachiwa iliyoorodhesha kwa uangalifu kila alichokabidhiwa getini: mkanda, viatu, simu isiyo na chaji, na funguo mbili za nyumba ambayo, kama alivyonieleza, haikuwa tena ya kwao. Kila kitu kiliwekewa alama ya vema na kutiwa saini na pande zote mbili. Kisichokuwamo ni dawa. Kwa muda wa miezi 20 hivi alikuwa akimeza kila jioni vidonge vya kutuliza sauti alizozisikia, na siku ya kutoka vidonge hivyo vilibaki kabatini kwa sababu vilihesabiwa kuwa mali ya gereza. Hakupewa barua ya rufaa, wala jina la dawa halikuandikwa popote. Nilimwomba kitambulisho, kama utaratibu wetu ulivyotaka, akaniambia kilichukuliwa siku aliyokamatwa na hajarudishiwa. Nikamwambia aende akakitafute kisha arudi. Nilisema hivyo kwa upole, na hadi leo upole ule ndio unaonisumbua, maana nilijiona nimetenda haki. Alirudi baada ya miezi 11 akiwa na pingu mikononi, akisindikizwa na askari wawili waliotaka tuandike taarifa ya hali yake ya akili kwa ajili ya mahakama.

Msomaji mwenzangu anaichukulia tiba ya mtu wa namna hii kuwa hisani inayoongezwa juu ya uhuru wake. Lakini tazama kilichotokea. Umma ulikuwa umekwisha kugharimia uchunguzi wake, dawa zake na muda wa daktari wa gereza kwa karibu miaka miwili, kisha ukaitupa kazi yote hiyo getini kwa kukosa karatasi moja, ukaja kugharimia upya upelelezi, mahabusu, kesi na kifungo cha pili. Huko hakuna hisani aliyopendelewa mtu. Kuna hasara tupu, na wa kwanza kuilipa alikuwa yule aliyedhurika na kosa lake la pili, ambaye sikuwahi kumjua jina.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo hata baadhi yetu tulio katika kazi hii tulichelewa kulielewa, ni kwamba wakati wa hatari kubwa kabisa kwa mraibu aliyefungwa ni siku zake za mwanzo uraiani. Mwaka 2007 ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi uliowafuatilia watu 30,237 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington kati ya mwaka 1999 na 2003. Waliofariki dunia katika kipindi kilichochunguzwa walikuwa 443. Watafiti walipotenga majuma mawili ya kwanza baada ya kuachiwa, walikuta kwamba uwezekano wa mtu kufa katika siku hizo ulikuwa mara 12.7 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo wenye umri na jinsia kama yake, na uwezekano wa kufa kwa kuzidisha dozi ya dawa za kulevya ulikuwa mara 129. Nimekuwa nikizirudia tarakimu hizo mbele ya watu kwa miaka, na kila mara yupo anayeniuliza kama sikukosea nukta.

Sababu yake si fumbo. Mwili wa mtu anayetumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni huizoea sumu kidogo kidogo, hata dozi ambayo ingemuua mgeni yeye humtosha tu kuondoa arosto, yaani mateso ya mwili anapoikosa dawa. Akikaa gerezani miezi kadhaa bila kutumia, mazoea hayo huondoka. Kinachobaki ni kumbukumbu: ubongo unakumbuka raha, unakumbuka mahali, unakumbuka mtu aliyekuwa akiuza, na zaidi ya yote mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Siku ya kwanza nje, katikati ya aibu, furaha, kelele na simu zisizopokelewa, mtu huyo hujipimia kile alichokizoea kabla ya kukamatwa, na mapafu yake husahau kupumua. Hakutaka kufa. Mara nyingi alitaka jioni moja tu ya kupumzika.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kifungo chenyewe ni tiba, kwa kuwa kinamweka mtu mbali na dawa, wanachanganya kutotumia na kupona. Hapa napenda kuleta mfano ambao mara nyingi hutumiwa kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia wanajeshi wa nchi yake waliorudi kutoka vita vya Vietnam, ambako takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini au afyuni. Serikali ilijiandaa kupokea jeshi la waraibu. Badala yake, katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani ni kama asilimia 5 tu ya wale waliokuwa waraibu waliorudi katika uraibu, na katika miaka mitatu walifika kama asilimia 12. Wapo wanaousoma mfano huo na kusema: mnaona, ukimtenga mtu na dawa, anaacha. Wanasahau mwanajeshi yule alitengwa na nini. Aliondoka katika nchi ambamo heroini ilikuwa rahisi na safi, akaacha vita, hofu na wenzake wa kuvuta naye, akarudi kwenye familia, mtaa na kazi ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na dawa hizo. Mfungwa wetu safari yake ni ya kinyume kabisa. Gereza ndilo lililokuwa ugenini. Uhuru humrudisha mlangoni pa nyumba ile ile, kijiweni kwa watu wale wale, safari hii akiwa na jina jipya la mhalifu ambalo humfungia milango ambayo zamani ilikuwa wazi.

Nini basi kinafaa? Katika uraibu wa jamii ya afyuni jibu limejulikana kwa muda mrefu kuliko umri wa wasomaji wako wengi. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha jijini New York matokeo ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto na hamu ya heroini, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, pamoja na buprenofini inayofanya kazi kama hiyo, katika orodha yake ya dawa muhimu. Jimbo dogo la Rhode Island nchini Marekani lilianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa na mahabusu wote wenye uhitaji dawa hizo, pamoja na naltreksoni, ambayo huizuia heroini isilevye, na, jambo ambalo kwangu ndilo kiini, likawaunganisha na kliniki za nje kabla hawajatoka ili asubuhi ya kwanza uraiani dozi iendelee. Watafiti walipolinganisha miezi sita ya kwanza ya mwaka 2016 na miezi sita ya kwanza ya mwaka 2017, vifo vya kuzidisha dozi miongoni mwa watu waliotoka kifungoni katika kipindi cha mwaka mmoja kabla vilikuwa vimeshuka kutoka 26 hadi 9. Scotland nayo, tangu mwaka 2011, ina mpango wa kitaifa wa kugawa naloksoni, dawa inayoweza kumrudisha pumzi mtu aliyezidisha dozi, na wafungwa wanaotoka ni miongoni mwa wanaokabidhiwa.

Najua pingamizi linalofuata, kwa sababu nililisikia kwenye kila mkutano wa wazazi: mnabadilisha dawa moja ya kulevya kwa nyingine. Nilikuwa nikijibu kwa maneno mengi, siku hizi najibu kwa kifupi. Mtu anayekunywa methadoni kwa kipimo sahihi halewi nayo, arosto haimwamshi saa tisa usiku, haibi ili apate dozi ya jioni, na anaweza kukaa darasani au kazini kama mtu mwingine yeyote. Kama hilo ni uraibu, basi na mwenye shinikizo la damu anayemeza kidonge chake kila asubuhi tumwite mraibu. Nakiri kwamba methadoni haina msaada kwa mlevi wa pombe wala kwa anayevuta kokeini, na kwa hao njia ni ndefu zaidi na hutegemea unasihi, yaani ushauri nasaha, vikundi na subira. Nakiri pia kwamba methadoni ikigawiwa ovyo huua. Ndiyo maana hugawiwa na wauguzi, si na wapita njia.

Uraibu, hata hivyo, mara nyingi hauji peke yake. Mwaka 2002 Seena Fazel na John Danesh walikusanya pamoja tafiti 62 kutoka nchi 12, nyingi zikiwa za Magharibi, zilizohusu wafungwa wapatao 23,000, wakakuta kwamba takriban mfungwa mmoja kati ya saba alikuwa na saikosisi, yaani maradhi yanayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, au sonona kali, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Hiyo ni kadiri inayozidi kwa mbali ile ya watu walio nje. Aliyekaa na wagonjwa hawa anajua jinsi mambo mawili hayo yanavyosukana: mmoja alianza kuvuta ili anyamazishe sauti, mwingine sauti zilianza baada ya kuvuta, wa tatu alipigwa na kudhalilishwa utotoni, na hadi leo akiulizwa kipi kilitangulia huinamisha macho tu. Gereza lenyewe halimponyi mtu wa namna hii. Msongamano, vitisho vya usiku na hasa kufungiwa peke yake humwongezea, na si bure kwamba kanuni za Umoja wa Mataifa zinakataza mfungwa kutengwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Huko nje, mwenye maradhi hayo mawili kwa pamoja hupigwa danadana. Kliniki ya akili humwambia aache kwanza dawa za kulevya ndipo imhudumie. Kituo cha uraibu humwambia atulizwe kwanza akili ndipo kimpokee. Kila upande una karatasi ya kuthibitisha kwamba haukumfukuza. Nimewahi kushuhudia mtu mmoja akitumwa na kurudishwa mara tano ndani ya juma moja kati ya majengo mawili yaliyotenganishwa na ua, na mara ya sita hakuonekana tena. Kwa mwenye rekodi ya jinai danadana hiyo huwa na mchezaji wa tatu, kwa kuwa vipo vituo na nyumba za kulala za waraibu wanaopata nafuu ambazo hukataa kumpokea mtu yeyote aliyewahi kufungwa, bila kuuliza alifungwa kwa kosa gani wala lini. Sielewi nyumba hizo zilitarajia kupokea akina nani. Mtu aliyeishi miaka 10 akitumia heroini bila kugombana na sheria hata mara moja ama ana fedha nyingi sana ama ana bahati isiyo ya kawaida.

Nimezitaja kanuni za Umoja wa Mataifa, na nafikiri zinastahili zaidi ya kutajwa. Zilipitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma za afya za kiwango kile kile kilichopo katika jamii, na kwamba huduma hizo ziandaliwe kwa ukaribu na mfumo wa afya ya umma ili matibabu yasikatike, na miongoni mwa maradhi inayoyataja ni kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na uraibu wa dawa za kulevya. Kanuni ya 107 inaongeza kwamba maisha ya mfungwa baada ya kuachiwa yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo chake. Tangu mwanzo, si jioni ya kuamkia siku ya kutoka. Baadhi ya nchi ziliona kwamba jambo hili haliwezekani ikiwa daktari wa gereza ana mkubwa mmoja na daktari wa nje ana mkubwa mwingine, zikahamisha afya ya wafungwa kutoka idara za magereza na kuiweka chini ya mamlaka za afya: Norway ilifanya hivyo mwaka 1988, na Uingereza ilikamilisha uhamisho huo mwaka 2006. Faida yake si ya falsafa. Faili la mgonjwa likiwa moja, vidonge haviwi tena mali ya gereza.

Sasa niguse rekodi yenyewe, kwa sababu mtu anaweza kupata dawa na unasihi wote na bado akazama kwa kukosa kitu cha kufanya saa nne asubuhi. Mnasihi yeyote atakwambia kwamba kazi ni sehemu ya tiba: inajaza siku, inampa mtu sababu ya kulala mapema, inamtengenezea marafiki wasiovuta. Devah Pager, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2003 jaribio alilolifanya katika jiji la Milwaukee, ambapo vijana waliofanana kwa elimu na mwenendo walitumwa kuomba kazi, mmoja katika kila jozi akijieleza kuwa aliwahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Kwa vijana Wazungu, wasio na rekodi waliitwa tena na waajiri katika asilimia 34 ya maombi, wenye rekodi asilimia 17. Kwa vijana weusi, wasio na rekodi asilimia 14, wenye rekodi asilimia 5. Wote walikuwa watu wazuri waliojiandaa vema, na rekodi ile ilikuwa ya kubuni. Hebu fikiria yule ambaye rekodi yake ni ya kweli, ana pengo la miaka minne katika maelezo ya kazi zake, na mikono inamtetemeka kwa sababu ya dawa za akili.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hata milango yetu sisi watoa huduma imefungwa. Katika kliniki niliyostaafia alikuwapo mwanamke aliyekaa miaka sita bila kugusa dawa, baada ya vifungo viwili. Alikuwa mwelimishaji rika wa kujitolea, na kikundi chake cha Jumanne kilijaa kuliko vikao vyetu vyote, kwa kuwa mtu anayetapika kwa arosto humwamini haraka zaidi aliyewahi kutapika. Wazo hilo si geni. Tangu walevi wawili walipoanzisha udugu wa kusaidiana mjini Akron, Ohio, mwaka 1935, vikundi vya namna hiyo vimeenea karibu dunia nzima. Nafasi ya kulipwa ilipotangazwa, fomu ilidai hati isiyo na kosa lolote. Ikaenda kwa kijana msomi, mwenye heshima zake, ambaye hakuwahi kumwona mtu mwenye arosto hadi siku aliyoripoti kazini, na aliyemfundisha kazi, bila malipo, akawa yule mama. Kijana mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo, kwa aibu. Baada ya miezi michache mama aliacha kuja. Sikusikia kwamba alirudia dawa, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kikundi cha Jumanne kilikufa.

Sisemi kwamba rekodi zote zifutwe wala kwamba waliodhurika wasahau. Wapo watu ambao hawapaswi kamwe kuachiwa kazi ya kulea watoto, na sitatetea kinyume chake. Lakini kati ya kosa hilo na kosa la kupatikana na kete mbili za dawa za kulevya mfukoni miaka tisa iliyopita kuna umbali ambao fomu zetu haziuoni. Katika jimbo la Michigan, watafiti J. J. Prescott na Sonja Starr walionyesha kwamba kati ya watu waliostahili kisheria rekodi zao zifichwe zisionekane tena na waajiri, ni asilimia 6.5 tu waliofanikiwa ndani ya miaka mitano tangu walipostahili, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu aombe, alipe ada na apite ofisi kadhaa. Na wale waliofanikiwa mapato yao yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja, huku wachache sana wakirudi kwenye makosa. Utaratibu unaomtaka mgonjwa wa sonona ajaze fomu saba ili ajisafishe jina umekwisha kumkatalia kabla hajaanza. Jimbo la Pennsylvania liliamua mwaka 2018 kwamba kwa makosa madogo ya zamani kazi hiyo ifanywe na kompyuta, bila mtu kuomba.

Kuna jambo moja ambalo maofisa wa uangalizi hawatapenda kulisikia. Mtu aliye nje kwa masharti akipimwa mkojo na kukutwa ametumia, mara nyingi hurudishwa gerezani siku hiyo hiyo. Taasisi ya Marekani inayotafiti uraibu hueleza kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa huteleza wakati fulani, kadiri isiyotofautiana sana na ile ya wagonjwa wa pumu au shinikizo la damu wanaoacha kufuata matibabu yao. Kuteleza ni dalili kwamba tiba inahitaji kubadilishwa. Ikiwa mtu anajua kwamba akiniambia mimi, muuguzi wake, kwamba jana alivuta, habari hiyo itafika kwa ofisa wake kabla ya jioni, hataniambia. Na nisipoambiwa siwezi kumwongezea kipimo, siwezi kumpa naloksoni ya kukaa nayo nyumbani, siwezi hata kumuuliza nani amekufa katika familia yake. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, na hapa sisi wenyewe ndio tunaomfundisha kuyaficha. Siri ya mgonjwa iheshimiwe kwa mwenye rekodi kama inavyoheshimiwa kwa asiye nayo, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu mwingine yamo hatarini, na mipaka hiyo mgonjwa aelezwe siku ya kwanza.

Nirudi kwa msomaji mwenzangu na swali lake la foleni. Hakuna anayeomba mfungwa apewe nafasi ya mbele. Ninachokiomba ni kwamba asitolewe kwenye foleni ambayo alikuwa amekwisha kuingia. Yule kijana wangu hakuja kuanza matibabu; alikuja kuyaendeleza, akiwa na siku tatu bila dawa, kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa na mahakama wala kuletwa na mama yake. Nimewatumikia raia wengi wasio na doa, nawaheshimu, lakini si wengi kati yao waliokuja kliniki kwa hiari siku ya tatu. Na kama raia hao wanasubiri muda mrefu, jawabu ni kuongeza wauguzi na wanasihi. Kumwondoa mgonjwa mmoja mwenye rekodi hakumwongezei mwingine daktari. Humhamishia tu wa kwanza katika foleni nyingine, ya polisi, ambayo hiyo nayo sote tunailipia.

Ombi langu kwa wenye mamlaka wanaosoma gazeti hili ni dogo, na sitaki lipotee ndani ya mipango mikubwa ya miaka mitano. Hati ya kuachiwa tayari ipo, imechapwa, na kila gereza lina yake. Ina nafasi ya mkanda, viatu, simu na funguo. Chini ya funguo uongezwe mstari wa dawa: jina lake, kipimo chake, idadi ya vidonge vilivyokabidhiwa vya kutosha angalau majuma mawili, jina la kliniki inayomsubiri na tarehe ya kufika, iwe ndani ya siku tatu. Mstari huo utiwe saini na pande zote mbili kama ilivyo mistari mingine. Na kwa wenzangu waliobaki kwenye madirisha ya kliniki, mtu akija na hati hiyo mkononi bila kitambulisho, ikubalini hati. Ina picha yake, ina alama ya kidole chake, na kwa siku kadhaa za mwanzo ndiyo karatasi pekee aliyonayo duniani.

Muuguzi mstaafu, msomaji wako wa siku nyingi